Skrini Moja, Makasha Matatu

Ukitaka kumuudhi Nelima, mwambie ni mvivu. Mwanamke huyo alikuwa akiamka kabla ya jirani zake wote pale Kitale, akafagia mbele ya studio, akamwagia vumbi la barabara maji, akaketi mbele ya kompyuta mpaka kiuno kikafa ganzi. Uvivu hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni kesho. "Kuja kesho mama, utapata iko tayari." "Wiki ijayo, papa, bila kukosa." Aliyasema hayo kwa uso mkunjufu hata mteja akajiona yeye ndiye mwenye haraka zisizo na maana. Na kazi ilitoka, msimsingizie, siku moja ilitoka, tena ikiwa nzuri.

Alizaliwa upande wa Bungoma, akasomea taipu katika chuo kidogo cha mjini, akaolewa na Jotham, kijana aliyepiga picha za harusi kwa kamera ya kuazima. Wakahamia Kitale, maana huko wakulima wakishauza mahindi huozesha mabinti na hutaka kila kitu kiwe kwenye video, hadi ng'ombe wakishushwa kwenye pikapu. Jotham alishika kamera. Nelima ndiye aliyezikata hizo video, akaziunga, akatia muziki na majina, na pale mjomba mlevi alipojitokeza nyuma ya bibi harusi, ni yeye aliyemtoa.

Lakini msimu wao mkubwa ulikuwa Agosti ya mwaka wa tohara. Kwa Wabukusu tohara huja mwaka mmoja ikaruka wa pili. Kijana hupakwa matope mtoni alfajiri, akaletwa nyumbani na umati unaoimba, akasimama wima uani kwa baba yake bila kupepesa jicho. Mama yake haoni. Nyumba nyingi alizoingia Nelima, mama alikuwa ameketi chini, ndani, na wanawake wenzake, akingoja. Firimbi ikilia huko nje, ndipo ajue mtoto amesimama vizuri, ndipo aruke nje na vigelegele. Yaani aliyembeba tumboni, siku anapokuwa mwanamume, yeye anamsikia tu! Baba ameona, wajomba wameona, hata mpita njia aliyefuata kelele ameona. Ndiyo maana waliozitaka zaidi video hizo walikuwa akina mama. Jotham alisimama uani na kamera kubwa, wala hakuishusha chini ya kifua cha kijana, heshima alikuwa nayo. Nelima, kwa kuwa ni mwanamke, aliketi ndani na kamera ndogo akiwapiga picha wanaongoja.

Ndivyo alivyofahamiana na Edah, mama wa Chwele, muuza vitunguu sokoni, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Mwanawe aliitwa Mukhisa. Agosti hiyo Mukhisa alisimama, firimbi ikalia, Edah akaruka nje akamwangusha Nelima nusura avunje kamera. Siku chache baadaye Nelima alizimwaga video za msimu mzima kwenye kompyuta, za Mukhisa zikiwa humo, bila kuzifungua. Kazi ilikuwa nyingi, angezifungua kesho. Halafu Mukhisa mwenyewe akaomba wangoje sherehe ya Desemba, ile ya vijana kutoka jandoni, ili iungwe yote iwe video moja. Desemba ikaja ikapita. Shule zikafunguliwa. Halafu radi ikapiga.

Radi ya Kitale haina adabu. Ilishuka mchana watu wakinywa chai, ikafuata waya wa stima mpaka ndani ya studio, ikaua skrini mbili papo hapo, na kibodi zake. Makasha yenyewe ya kompyuta yalipona, yote matatu, ya kijivu, yanayofanana kama ndugu maana yalitoka shule moja iliyokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani. Basi wakabaki na makasha matatu na skrini moja. Jotham akaenda Bungoma akarudi na kisanduku cheusi, kidogo kama sabuni ya kipande, chenye vitufe vitatu.

"Ona hii maajabu," akasema. "Unafinya moja, skrini inaonyesha kompyuta ya kwanza, na kibodi na mausi zinaitii hiyo. Finya mbili, unahamia ya pili. Tatu, ya tatu."

"Na zile zingine? Zinalala?"

"Zinalala wapi! Zinaendelea na kazi. Ni vile tu huzioni."

Nelima alikipenda hicho kisanduku, wacha niseme ukweli. Kompyuta ya kwanza, iliyokaa chini ya meza upande wa kushoto, ndiyo ilikuwa ghala, humo zilitupwa video zote na picha zote. Ya pili ilikuwa ya kukatia. Ya tatu, upande wa kulia, ilikuwa ya mtandao na ya kupokea flashi za wateja, kwa hiyo ilijaa virusi kuliko choo cha stendi. Na zote tatu, ukizifungua, zilikuonyesha picha ileile: Nelima na Jotham siku ya harusi yao, yeye akicheka na keki mdomoni. Aliiweka mwenyewe. Alitaka popote atakapofinya ajikute siku hiyo.

"Tubadilishe hizi picha bana," Jotham akamwambia. "Zinafanana sana. Siku moja tutakosea."

"Tutabadilisha kesho," akasema Nelima.

Haya. Sasa sikia.

Siku ya Jumatatu simu ililia, ikawa ni Edah. Nelima aliona jina akajitayarisha kusema wiki ijayo. Lakini Edah hakusalimia.

"Nelima, Mukhisa ametuacha."

Ilikuwa homa. Ilimshika shuleni, wakamleta nyumbani, wakampeleka hospitali, na kufika Jumapili ikawa imemmaliza. Edah alieleza hayo kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma tangazo. Mwili ungeletwa nyumbani Ijumaa, mazishi Jumamosi.

"Nilikuwa nasema hivi," akaendelea. "Ile video yake. Mimi sikumwona akisimama. Baba yake ananiambia alisimama kama mti, lakini mimi sikuona. Nataka nimwone mara moja tu kabla hawajamwingiza kwa mchanga. Itawezekana?"

"Itawezekana, mama. Nitakuletea mimi mwenyewe. Ijumaa niko hapo Chwele."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi Nelima hakusema kesho. Alikata simu akakaa. Alimkumbuka Mukhisa alipopitia studio akienda kwa shangazi yake, meno makubwa kuliko uso, akasimama mlangoni kwa adabu: "Auntie, yangu iko tayari?" Naye akamjibu, "Wiki ijayo, shujaa." Kijana alicheka, akaenda zake. Nelima akaanza kulia hapo kwenye kiti.

Alipomaliza kulia aliamka akafanya kazi. Kompyuta ya pili ilikuwa imejaa harusi kubwa ya watu wa Cheptais, haikuwa na nafasi ya kuweka hata wimbo. Akaamua aifute ile ya tatu yote, virusi na takataka zake, ili aihamishie video ya Mukhisa humo aikate vizuri, na jina lake liandikwe juu kwa herufi za dhahabu. Ona moyo wa mtu! Angeweza kuichukua video vilevile ilivyo akaitia kwenye flashi, ikaisha. Lakini alitaka iwe nzuri. Alifinya tatu. Harusi yake ikatokea kwenye skrini. Akafungua dirisha la kufuta diski, akawa anataka tu kubonyeza.

Hapo ndipo Gathii akaingia. Gathii ni mfanyabiashara wa viazi, jirani wa hapo hapo, na alikuwa na picha zake za pasipoti zilizopigwa wiki iliyotangulia.

"Niaje madam. Nionyeshe nichague bana, ile moja nakaa kama mwizi."

Picha zilikuwa ghalani. Nelima akafinya moja, harusi ikatokea, akafungua picha za Gathii. Gathii akachagua, akabadilisha mawazo, akachagua tena, akauliza kama shavu linaweza kupunguzwa. Nelima alimpunguzia shavu, akamchapishia, akazifunga picha zake, akamsindikiza hadi mlangoni ili aondoke upesi. Akarudi kwenye kiti. Mbele yake, yeye na Jotham na keki.

Nelima, mama! Ungetazama kile kisanduku tu! Taa ndogo nyekundu ilikuwa imewaka kwenye moja, haikuondoka hapo. Lakini nani hutazama kisanduku? Aliona kwamba dirisha la kufuta halipo, akasema moyoni hizi virusi zimelifunga, akalifungua upya. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika, kwamba kila kitu kitapotea. Akajibu ndiyo. Ikamwuliza tena. Akajibu ndiyo kwa hasira.

Akaegemea kiti. Diski ikaanza kunguruma chini ya meza, na yeye akaisikiliza kwa raha kidogo, halafu raha ikaisha. Sauti ilikuwa inatoka kushoto.

Alijitupa chini ya meza akang'oa waya wa stima kwa mikono miwili, akapiga kichwa kwenye ubao, hakusikia maumivu. Alipoiwasha tena, ile harusi ilitokea ikicheka vilevile, maana yenyewe ilikaa kwenye diski nyingine, lakini ghala lilikuwa jeupe. Hakukuwa na Mukhisa, hakukuwa na mtu yeyote.

Jotham alirudi jioni kutoka kazini akamkuta ameketi sakafuni.

"Nimefuta," Nelima akasema.

"Umefuta nini?"

"Ghala. Yote."

Jotham alivuta kile kiti cha wateja akaketi. "Ya Mukhisa?"

"Nimesema yote, Jotham! Zile kadi za kamera?"

"Si tulizisafisha tukaenda nazo Cheptais." Alijipangusa uso. "Hakuna kitu ndani yao."

Hakumgombeza. Angepiga kelele ingekuwa afadhali, Nelima angepata mtu wa kujibizana naye. Jotham aliinama akaifungua ile kompyuta ya kushoto, akaitoa diski ya video, akaifunga kwa kitambaa safi, akampa mkewe kwa mikono yote miwili.

"Bungoma kuna Kipkirui," akasema. "Enda."

Kipkirui ni kijana wa Cheptais aliyeshuka mlimani akafungua karakana yake ghorofani karibu na soko la Bungoma. Kazi yake ni kufufua diski zilizokufa. Nelima alipofika asubuhi yake, kitu cha kwanza alichokiona ni skrini moja juu ya meza na mstari wa makasha ya kompyuta yakinguruma sakafuni, na kila kasha limebandikwa karatasi yenye rangi yake, na picha ya nyuma ya skrini ina rangi hiyohiyo. Alizitazama hizo karatasi moja moja.

"Hata mimi nilishalia madam," Kipkirui akamwambia, alipoona anatazama wapi. "Nilifuta kazi ya kanisa zima. Ndiyo nikanunua karatasi."

Alisikiliza mambo yote, akauliza ilifuta kwa muda gani kabla hajang'oa waya. Nelima hakujua. Kidogo. Si kidogo sana. Kijana akatikisa kichwa, akaiunganisha diski, akaanzisha msako, kisha akafinya kitufe akahamia kwenye kazi ya mtu mwingine.

"Mbona umeitoa?" Nelima akaruka.

"Sijaitoa. Inaendelea. Ni vile tu hatuioni."

Basi Nelima akaketi pale juu ya ndoo iliyogeuzwa, akilitazama kasha lenye karatasi ya manjano kama mtu anayemtazama mgonjwa. Ati aende apumzike? Aende wapi! Alilala kwa dada yake hapo mjini na kila asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni. Aliomba. Alimwahidi Mungu mambo ambayo hata wewe ukiyasikia utamhurumia. Kila baada ya muda Kipkirui alifinya kitufe cha manjano wakaona kilichopatikana: sura ya mtu wasiyemjua, nusu ya keki, mguu wa ng'ombe, wanakwaya wasio na vichwa. Akatokea Gathii, na mashavu yake yote mawili. Nelima alimtazama Gathii akapiga meza kwa ngumi.

"Huyu ndiye anapona? Huyu?"

Edah alikuwa akipiga simu, akimwita mayi, mama kwa Kibukusu. "Umefika wapi na yangu, mayi?"

"Niko Bungoma, mama. Niko nayo tu."

Alimdanganya mama aliyefiwa, tena zaidi ya mara moja. Alijua anachokifanya. Alikuwa akimwambia wiki ijayo kwa maneno mengine.

Ijumaa, jua likiwa utosini, Kipkirui alifinya manjano kwa mara ya mwisho. "Kuna video moja imeshikana. Ngoja nifungue."

Skrini ikawa giza, na ndani ya giza sauti, umati ukiimba kwa mbali, ukisogea. Nelima alisimama ndoo ikaanguka. Ni Chwele! Ni ile alfajiri! Akaushika mkono wa kijana wa watu akaubana. Halafu mwanga wa taa ukaingia, na aliyeonekana hapo si Mukhisa. Ni Edah, ameketi sakafuni, miguu ameinyosha, mikono mapajani, akitazama ukuta. Nelima aliifahamu mara moja. Ilikuwa ile kamera ndogo. Ilikuwa mikono yake mwenyewe.

"Si hii," akasema. "Tafuta ingine. Ya nje."

"Madam, hii ndiyo imepona. Hizo zingine ni vumbi."

"Tafuta!"

"Nimetafuta," Kipkirui akasema taratibu. Aliitia kwenye simu yake Nelima, akamrudishia diski imefungwa katika kitambaa kilekile.

Alipofika Chwele, turubai lilikuwa limeshatandazwa na watu wamejaa, wakingoja gari la mochari. Akaelekezwa ndani. Edah alikuwa ameketi sakafuni, pale pale, ukuta uleule mbele yake, miguu ameinyosha. Wanawake wakampisha Nelima.

"Umekuja nayo," Edah akasema.

Nelima alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yakamtoka. Alipiga magoti akamwambia kila kitu, kisanduku, vitufe, picha ya harusi, zile ndiyo mbili alizojibu. Sijui Edah alielewa kiasi gani. Alichoelewa ni kwamba Mukhisa hayupo kwenye simu hiyo.

"Hakuna hata kidogo?"

"Kuna hii tu, mama. Ni wewe."

Wakaitazama. Kwenye simu umati uliimba ukikaribia, halafu ukanyamaza wote, kimya kile ambacho kila mwanamke wa huko anakijua. Edah wa kwenye simu alifumba macho. Firimbi ikalia. Akafumbua macho na uso wote ukafunguka, sijawahi kusikia mtu akieleza uso ule bila sauti yake kukatika, akaruka akapita, kamera ikayumba, ikabaki sakafu na mkeka mtupu.

"Huyo mama hajui kitu," Edah akasema. "Rudisha."

Nelima akarudisha. Wakatazama tena, na tena. Mwishowe Edah aliishusha ile simu mapajani.

"Lakini wewe unazitazamanga ukizikata. Wewe ulimwona. Basi niambie. Alisimama namna gani? Alitazama wapi?"

Hapa angeweza kumpa kitu. Alishaona vijana wengi wakisimama kwenye skrini yake, wamepakwa matope, macho mbele, angemchukua mmoja tu akampa. Nani angejua? Alifungua mdomo akakuta uongo umemwishia.

"Sikuifungua, mama. Nilikuwa nasema nitaifungua kesho."

Mwanamke mmoja kando yao akasonya. Edah hakusonya. Akasema, "Mimi na wewe tulikuwa humu ndani siku hiyo, na hakuna mmoja wetu alimwona." Nelima aliinamisha kichwa. Alijua hawakuwa sawa hata kidogo. Edah alizuiliwa kwa asubuhi moja. Yeye, kijana wa watu alikaa chini ya meza yake miezi yote hiyo, umbali wa kitufe kimoja tu, na hakumtazama.

Huko nje honi ikalia mara moja, ndefu. Vilio vikapanda. Gari lilikuwa limeingia uani. Wanawake wakamshika Edah kwapani ili wamwinue, na miguu yake ikakataa. Walijaribu tena. Ikakataa. Akawasukuma mikono.

"Siwezi," akasema. "Sijui kama nitaweza hata kesho." Akamgeukia Nelima, akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu. "Wewe enda. Wako na kioo pale juu ya sanduku. Umwangalie vizuri, uso wote, usiharakishe. Halafu ukuje uniambie. Usinitungie. Ukuje uniambie vile ako."

"Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi."

Nelima aliinuka. Alitoka kwenye jua, umati ukampisha kwa kudhani ni mtu wa jamaa, akapita mpaka pale walipoliweka jeneza, mahali alipowahi kusimama kijana huyo akiwa na matope mwilini. Wanaume walikuwa wanalifungua lile dirisha dogo la mbao juu ya kioo. Akainama karibu, mpaka pumzi yake ikafanya ukungu juu ya kile kioo, akaufuta kwa kiganja, akaanza kumtazama.